Kuhifadhi Nishati kwa Baridi Kali Angani: Maswali Tunayoulizwa Malindi

Wageni na wanafunzi wanaopelekwa Ngomeni huyaona majukwaa ya San Marco, yaliyotumika zamani kurushia roketi, yakiwa yamesimama baharini, wakarudi mjini na maswali. Mengi ni ya roketi. Lakini kwa wanafunzi wa fizikia kuna fungu jingine lisilokwisha: vipi chombo cha angani kinaweza kutoa umeme mwingi kwa mpigo mmoja bila kubeba mzigo wa betri, na baridi kali inasaidia nini hapo. Tumeyakusanya maswali yanayorudiwa zaidi. Mwenye haraka aanze na swali la 6, kwa kuwa mengine mengi yanaliegemea.

## Mambo ya mwanzo

1. Umeme wa mipigo ni umeme gani?

Ni nishati inayokusanywa polepole na kutolewa ghafla. Flashi ya kamera ya mpiga picha wa harusi hufanya kazi hivyo hasa: betri ndogo huijaza kapasita (kifaa cha kuweka umeme kwa muda) kwa sekunde kadhaa, halafu nishati yote hutoka kwa sehemu ndogo sana ya sekunde. Betri haikuongezwa nguvu. Kilichofanyika ni kufupisha muda.

Chukua setilaiti yenye paneli za jua za kilowati 2. Ukitaka ikupe megawati 1 kwa sekunde 1, unahitaji megajuli 1 ya nishati. Paneli zikiachiwa kazi hiyo peke yake zitaikusanya kwa sekunde 500, yaani dakika nane na ushei. Nishati si nyingi kiasi hicho. Ugumu ni kuitoa yote kwa mara moja. Wanafunzi wengi hukwama hapa kwa kuchanganya megajuli, ambayo ni kiasi cha nishati, na megawati, ambayo ni kasi ya kuitoa. Atakayezitenganisha hizo mbili ataona mengine yote ni hesabu.

2. Nani anahitaji mipigo ya namna hiyo angani?

Rada, leza za kupimia umbali na upepo, na injini ndogo za plasma (gesi iliyochajiwa umeme) zinazosukuma chombo kwa mipigo. Injini za aina hiyo zilibebwa na chombo cha Kisovieti cha Zond 2 mwaka 1964, na setilaiti ya Marekani ya EO-1 iliyorushwa mwaka 2000 ilikuwa na yake. Hizo ni juli chache kwa kila mpigo, na kapasita ya kawaida inazitosha. Mazungumzo ya baridi kali huanza mahitaji yakifika megajuli na kupanda.

3. Je, ni kweli fikra hii ilianzia kwenye silaha?

Sehemu kubwa, ndiyo. Machi 23, 1983, Rais Ronald Reagan alitangaza mpango wa kujikinga na makombora, na wahandisi wakaanza kupiga hesabu za leza na mizinga ya chembe ambayo ingehitaji mamegawati kwa dakika chache tu, kisha ikae kimya kwa miaka. Hakuna mtambo wa kawaida wa umeme unaotumika hivyo. Hitaji hilo la ajabu ndilo lililowasukuma kwenye hidrojeni kimiminika (swali la 6). Silaha zenyewe hazikuwekwa angani, lakini hesabu zilibaki, na zinamfaa hata asiyetaka vita na mtu.

4. Baridi yenyewe ndiyo nishati?

Angani, hapana. Baridi ni msaidizi mwenye kazi tatu: inapunguza au kuondoa kabisa ukinzani wa nyaya (namna zinavyouzuia mkondo), inaifanya gesi kuwa kimiminika ili iingie kwenye tangi dogo, na inameza joto ambalo mashine hutoa wakati wa mpigo.

Hapa duniani mambo yanaweza kuwa tofauti. Jirani na Manchester, Uingereza, ulizinduliwa mwaka 2018 mtambo unaohifadhi umeme kwa kuipoza hewa hadi iwe kimiminika, kisha kuiachia ichemke na kuzungusha turbaini. Pale mazingira yanatoa joto la bure la kuichemsha. Chombo kilicho kwenye ombwe hakina hewa ya kukiazima joto, basi tusiyachanganye mawili hayo, ingawa yanafanana kwa jina.

Kuhusu kiasi cha baridi: oksijeni huchemka kwenye nyuzi −183 za Selsiasi, nitrojeni −196, hidrojeni −253 na heliamu −269. Wanasayansi hupenda kuhesabu kwa kelvini, kuanzia sifuri halisi: 90, 77, 20 na 4. Mchana wa kawaida wa Malindi ni kelvini 303 hivi.

5. Kwani angani si baridi tayari? Mbona tuhangaike na matangi na mashine?

Hili ndilo swali tunaloulizwa kuliko yote, na muulizaji ana haki. Ameambiwa kwamba mnururisho (nishati inayosafiri kama mwanga) unaojaza ulimwengu uko kwenye kelvini 2.7, akaona ukikitoa kitu nje ya chombo kitaganda chenyewe.

Kwanza, karibu na dunia Jua hutoa wati 1,361 kwa kila mita ya mraba inayolielekea. Chini kuna dunia yenyewe, nayo hutoa joto usiku na mchana. Chombo kilichoko kwenye obiti ya karibu kimezungukwa na vyanzo viwili vya joto.

Pili, na hili ndilo gumu zaidi: kwenye ombwe hakuna upepo wa kusi wala wa kaskazi wa kuchukua joto. Njia ya kulitupa ni moja, mnururisho, na mnururisho hufuata kipeo cha nne cha halijoto. Bamba jeusi lenye kelvini 300 hutupa wati 459 kwa kila mita ya mraba. Bamba hilohilo likiwa kelvini 77 hutupa wati 2. Likifika kelvini 20, hutupa chini ya sehemu moja ya mia ya wati. Kadiri kitu kinavyopoa ndivyo kinavyoshindwa kuendelea kupoa, na joto dogo tu linalopenya kwenye nguzo au waya linatosha kukirudisha juu.

Mashine ya kupoza nayo ina gharama. Kuondoa wati 1 kwenye kelvini 20 na kuitupa kwenye kelvini 300 hudai wati 14 kwa hesabu ya Carnot, yaani kiwango cha chini kabisa kinachoruhusiwa na fizikia, ambacho hakuna mashine iliyowahi kukifikia. Kwa heliamu, kwenye kelvini 4.2, hesabu hiyo hupanda hadi wati 70. Mashine halisi hula mara nyingi zaidi ya hapo.

## Njia za kuhifadhi

6. Njia zenyewe ni zipi?

Zinazotajwa sana ni tatu.

Ya kwanza ni koili, yaani waya uliozungushwa, isiyo na ukinzani. Heike Kamerlingh Onnes aligundua mwaka 1911 kwamba zebaki ikipozwa kwa heliamu kimiminika ukinzani wake hutoweka. Mkondo ukishaingia kwenye koili ya namna hiyo huzunguka bila kuchoka, na nishati hukaa kwenye uga wa sumaku. Nyaya zinazotumika sana ni za niobi na titani, ambazo hupoteza ukinzani chini ya kelvini 9 hivi. Tangu 1987 kuna keramiki zinazofanya hivyo hata juu ya kelvini 90, na tangu 2001 kuna magnesi diboridi, ya kelvini 39, ambayo kwa mwenye hidrojeni kimiminika chomboni ni bahati: kelvini 20 zinaitosha.

Ya pili ni alumini safi sana kwenye kelvini 20. Haipotezi ukinzani wote, lakini ikisafishwa vizuri ukinzani hushuka mamia ya mara. Alumini ina uzito wa chini ya theluthi moja ya shaba kwa ujazo uleule, na haina tabia ya kuacha kazi ghafla kama nyaya za aina ya kwanza (swali la 11). Ubaya wake ni ulaini. Alumini safi hupindika kirahisi, na ndani ya jenereta inayozunguka kwa kasi lazima ishikwe na kitu kigumu zaidi.

Ya tatu ni hidrojeni na oksijeni kimiminika, zinazochomwa kwenye turbaini au kuunganishwa kwenye seli za fueli, zinazotoa umeme bila moto. Hapa nishati ni ya kikemia, na baridi ni namna ya kuifungasha. Uzuri ni kwamba hidrojeni ikiwa njiani kwenda kuchomwa hupitishwa kwanza kwenye nyaya za jenereta na kuzipoza. Kilo moja humeza kilojuli 446 ikichemka tu, na karibu megajuli 4 ikiachwa ipande hadi joto la kawaida. Kwa hiyo fueli inafanya kazi mbili kabla ya kuungua, na mbinu ya pili na ya tatu zinaingia kwenye mashine moja. Kwa maoni yetu huu ndio ujanja mkubwa kuliko yote katika somo hili.

7. Basi kipi chepesi?

Inategemea mpigo una urefu gani. Anayetaka jibu bila kutaja muda hawezi kujibiwa.

Tuseme unataka megawati 10 kwa dakika tano. Hiyo ni gigajuli 3. Kapasita za mipigo, tukizipa kilojuli 2 kwa kilo, zitakuwa tani 1,500, hakuna atakayezirusha. Koili, tukiipa kilojuli 100 kwa kilo, ni tani 30 kabla ya kuhesabu vifaa vya baridi. Betri za lithiamu zenye kilojuli 700 kwa kilo ni tani 4 na zaidi, na kwa kuwa betri zenye kubeba nishati nyingi hazipendi kumwagwa kwa dakika tano, uzito wa kweli utapanda. Hidrojeni na oksijeni hutoa megajuli 13 hivi kwa kila kilo ya mchanganyiko. Mashine ikigeuza asilimia 40 kuwa umeme, unahitaji kilo 570 hivi za vimiminika, ukiongeza matangi, turbaini na jenereta. Kwa mpigo wa dakika, hidrojeni na oksijeni ndizo zinazoshinda.

Sasa badilisha: megajuli 1 kwa sekunde 1. Turbaini ya megawati nzima kwa sekunde moja ni hasara, kwani uzito wa mashine haupungui kwa sababu umeitumia kidogo. Koili kwa hesabu hizohizo ni kilo 10, kapasita ni kilo 500. Koili inaonekana imeshinda, ila hizo kilo 10 hazina tangi, mablanketi ya kuzuia joto wala mashine ya kupoza, na hivyo vinaweza kuizidi koili yenyewe mara kadhaa. Ikiwa chombo tayari kina hidrojeni kimiminika kwa kazi nyingine, koili inapendeza. Ikiwa hakina, piga hesabu upya.

Na kwa mpigo wa elfu moja ya sekunde wenye juli chache, kapasita. Usihangaike.

8. Kwa nini koili isiongezewe sumaku ili ibebe zaidi kwa uzito uleule?

Kwa sababu sumaku inasukuma. Uga wa tesla 5 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku) unabeba megajuli 10 hivi kwa kila mita ya ujazo, na nambari hiyohiyo ndiyo msukumo wake kwenye kuta: karibu angahewa 100, yaani mara 100 ya msukumo wa hewa inayotuzunguka. Ukienda tesla 10, nishati inakuwa mara nne na msukumo mara nne, angahewa 400. Koili inataka kupasuka, na kinachoizuia ni chuma au nyuzi za kaboni zilizoizunguka.

Kutokana na kanuni aliyoitoa Rudolf Clausius mwaka 1870, uzito wa chini kabisa wa kizuizi hicho kwa kila kilojuli hautegemei umbo wala ukubwa wa uga. Unategemea uimara wa kitu ukigawanywa kwa msongamano wake. Chuma imara sana kinaishia kilojuli 130 hivi kwa kilo. Nyuzi za kaboni zinaweza kufika 600 kwenye karatasi. Nyaya bora haziondoi kikomo hiki. Wanafunzi husikia habari za nyaya mpya wakadhani uzito umekwisha, kumbe uzito uko kwenye mshipi huo unaoizuia koili isipasuke.

9. Kuitoa nishati kwenye koili ni rahisi kama kwenye kapasita?

La. Kapasita inaachia ukifunga swichi. Koili inaachia ukifungua swichi, tena huku maelfu ya ampea yanapita. Mkondo haukubali kukatwa. Volti hupanda na cheche hurefuka kwenye swichi. Kwenye ombwe la angani, gesi kidogo tu iliyovuja jirani inaweza kuifanya cheche hiyo isizimike. Swichi za kufungua zimewasumbua wahandisi kuliko koili zenyewe, ingawa hazitajwi sana kwenye magazeti.

## Joto linalopenya

10. Kimiminika kinakaa muda gani kabla ya kwisha?

Darubini za anga ndizo zimetufundisha zaidi. Herschel ya Ulaya ilirushwa Mei 2009 ikiwa na lita 2,300 hivi za heliamu, nayo ilikwisha Aprili 29, 2013. Karibu miaka minne, kwa chombo kilichokaa mbali na dunia na kulipa Jua kisogo. Kigunduzi cha AMS-02, cha kunasa chembe za angani kwenye Kituo cha Anga cha Kimataifa, kilikusudiwa kubeba sumaku ya baridi kali ambayo heliamu yake ingetosha miaka mitatu hivi. Kituo cha anga kilipoongezewa maisha, wenyewe waliibadilisha mwaka 2010 na kuweka sumaku ya kudumu isiyohitaji baridi, dhaifu zaidi, na kikarushwa Mei 2011. Tunaona walifanya sawa.

Tangi lenyewe ni mtoto wa chombo alichokibuni James Dewar mwaka 1892, kuta mbili na ombwe katikati. Chupa ya chai iliyoko jikoni kwako ni ndugu yake. Tofauti ni tabaka: la angani huvikwa mashuka mengi membamba yanayong'aa, kila moja likirudisha sehemu ya mnururisho.

Hidrojeni ina kituko chake cha ziada. Molekuli zake ni za aina mbili, kwa jinsi viini vyake vinavyozunguka. Kwenye joto la kawaida robo tatu ni za aina yenye nishati kubwa. Kwenye kelvini 20 karibu zote hutaka kugeuka za aina nyingine, na zikigeuka hutoa joto la zaidi ya kilojuli 500 kwa kilo. Rudi kwenye swali la 6: kilo moja huchemka kwa kilojuli 446. Ukiijaza tangi hidrojeni ambayo haijageuzwa kiwandani, itajichemsha yenyewe siku baada ya siku hata tangi likiwa zuri namna gani. Ndiyo maana viwanda huweka kichocheo cha kuigeuza wakati wa kuipoza.

## Yanapoharibika

11. Koili ikipata joto ghafla inakuwaje?

Sehemu ndogo ya waya hurudisha ukinzani, hupata joto, na kuiambukiza sehemu ya jirani. Ndani ya muda mfupi koili nzima imekuwa waya wa kawaida wenye mkondo wa kutisha. Nishati yote ya sumaku inageuka joto, heliamu inachemka kwa mkupuo, na valvu zisipofunguka tangi hupasuka. Kinga ni kugundua mapema na kuumwaga mkondo kwenye kifaa cha nje chenye ukinzani. Alumini ya kelvini 20 haina maradhi haya kwa kuwa ukinzani wake hupanda taratibu.

12. Kuna ajali ya kweli ya tangi la baridi angani?

Apollo 13, Aprili 1970. Tangi la oksijeni lilikuwa na hita na feni ndani. Swichi za kudhibiti hita ziliundwa kwa volti 28, lakini kwenye kituo cha kurushia zilipewa volti 65, zikagandana zikiwa zimefungwa, yaani umeme ukiendelea kupita. Hita ikaunguza ngozi ya nyaya. Safari ikiwa mbali na dunia, feni ilipowashwa cheche iliwasha ngozi hiyo ndani ya oksijeni. Kwa kuwa seli za fueli zilitegemea oksijeni ileile, umeme wa chombo kikuu ulikwisha. Wanaanga watatu walirudi salama.

13. Turbaini ikichoma hidrojeni, moshi unakwenda wapi?

Ni mvuke wa maji na hidrojeni iliyobaki, na kuutupa nje kuna madhara matatu: unakisukuma chombo, unaweza kuganda kwenye vioo vya darubini, na gesi hiyo hurahisisha cheche kwenye nyaya za volti kubwa. Kuufungia ndani kunaongeza uzito, na uzito ndio tuliokuwa tunaukimbia.

14. Koili kubwa haitazungushwa na usumaku wa dunia?

Itazungushwa, kama sindano ya dira. Dawa ni kuipinda koili iwe pete, ili uga ubaki ndani.

## Ya hapa kwetu

15. Ngomeni iliwahi kutumia hidrojeni kimiminika kwenye roketi zake?

Setilaiti zilizorushwa kutoka San Marco, kuanzia San Marco 2 mnamo Aprili 26, 1967 hadi ya mwisho mnamo Machi 1988, zilipandishwa na roketi za Scout. Scout ilikuwa na hatua nne, zote za fueli ngumu, kwa hiyo haikuhitaji baridi yoyote. Hata Uhuru, setilaiti ya kwanza maalumu kwa eksirei za anga, iliyorushwa Desemba 12, 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, ilipanda kwa Scout. Siku hizi kituo kinafanya kazi ya kupokea data. Swift na AGILE ni baadhi ya setilaiti zilizoshusha taarifa zao hapo.

16. Mwanafunzi wa huku anaweza kujaribu lolote?

Nitrojeni kimiminika ipo nchini. Wanaopandisha ng'ombe kwa sindano hubeba mbegu kwenye mitungi yake. Mwalimu akiipata kidogo, apime ukinzani wa koili ya shaba kabla na baada ya kuitumbukiza: utashuka karibu mara nane. Wengi hawaamini mpaka waone mita.

Tahadhari mbili. Lita moja ya nitrojeni ikichemka huwa lita 700 hivi za gesi na kufukuza hewa ya kupumua, basi usiibebe kwenye gari lililofungwa vioo, na usiweke kifuniko kinachobana. Na flashi kuukuu ya swali la 1 usiifungue: kapasita yake inaweza kubaki na volti 300 muda mrefu baada ya betri kutolewa.

17. Na kama siku moja roketi za hidrojeni zingerushwa kutoka pwani hii, hewa yetu yenye unyevu ingeleta shida?

Ingeleta, ila unyevu ni sehemu ndogo yake. Uko karibu na ikweta, na mzunguko wa dunia unakupa takriban mita 464 kwa sekunde bila malipo. Hiyo ndiyo faida. Shida ni kwamba bomba la kelvini 20 lisilofunikwa vizuri haligandishi mvuke tu. Linaigeuza hewa yenyewe kuwa kimiminika, na oksijeni, inayochemka kwenye kelvini 90, hutangulia nitrojeni. Kinachodondoka kutoka kwenye bomba hilo ni kimiminika chenye oksijeni nyingi kuliko hewa, na kikianguka kwenye mbao, kamba au grisi, moto unangoja cheche. Wala huwezi kulisafisha bomba kwa nitrojeni kabla ya kuingiza hidrojeni na kuiacha humo, maana nitrojeni huganda kwenye kelvini 63 na kuziba valvu. Inatakiwa heliamu, na heliamu ni ghali.